Mlezi wa Lango la Barafu

Gunnvör hakuwahi kuupenda mchezo ule, lakini alishauzoea, kama mtu anavyomzoea shemeji anayekuja kula kila Jumapili. Mumewe Sigfús akivuta kiti mbele ya ile kompyuta yake kuukuu kwenye chumba cha kufulia nguo, akavaa miwani, yeye humwita kutoka jikoni.

"Unakwenda angani?"

"Mara moja tu."

"Basi pitia na takataka."

Na Sigfús hupitia na takataka. Ni mtu mtiifu, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu madogo ya sindano, maana maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akitengeneza mashine za kufuma katika kiwanda cha sufu hapa Akureyri. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengine walihamia mji mkuu, Reykjavík, wengine wakaenda kuendesha mabasi ya watalii. Yeye alirudi nyumbani na sanduku lake la bisibisi, akawa hajui pa kuliweka. Majira yale ya baridi ndipo Eydís, binti aliyekuwa amekodi chumba juu ya duka la rangi pamoja na kaka yake, alipobandika tangazo kwenye mlango wa bwawa la kuogelea: wametengeneza mchezo wa mtandaoni uitwao Myrkvi, wanatafuta watu wa kuujaribu bure. Sigfús alilisoma huku nywele zikimchuruzika maji. Akasema atajaribu wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo, na ndevu zimekuwa nyeupe.

Myrkvi ni anga. Unapewa chombo kidogo, dhaifu, kana kwamba ni kopo la samaki lililotiwa mabawa. Unatoka nacho kwenye kituo cha wageni, unavuka Lango la Barafu, na ng'ambo yake kuna mawe, madini, nyota, na watu wengine kutoka pande zote za dunia, kila mmoja amekaa kwake na soksi miguuni. Unachimba, unauza, unajenga. Na yeyote anaweza kukulipua akitaka. Hakuna polisi wala mahakama. Eydís alitaka hivyo tangu mwanzo. Alisema watu wazima watajitungia adabu zao wenyewe.

Na kweli walijitungia. Ukitaka kujua adabu ile ilianzaje, muulize Sigfús mwenyewe, ingawa hakuna anayemwamini.

Ilikuwa majira yale ya kwanza, wakati watu walikuwa haba kiasi kwamba unaweza kusafiri toka chakula cha mchana hadi cha jioni bila kukutana na mtu, na ukikutana naye mnasimamisha vyombo na kuulizana theluji imefika wapi kwenu. Sigfús alikuwa akisafisha njia mbele ya Lango, analipua mawe yaliyoziba. Akalipua jiwe moja, jiwe likapiga kelele. Halikuwa jiwe. Alikuwa Dagrún, msichana aliyetoka shamba la mashariki na kuajiriwa na mji kuendesha gari la kusukuma theluji, hajui mtu Akureyri yote, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka kituoni. Sigfús aliona haya hadi masikio yakamwaka. Alikwenda mbio kuchukua chombo chake bora, akakijaza mafuta, akampelekea.

"Nisamehe sana," aliandika. "Nilidhani wewe ni jiwe."

"Nimeitwa mengi," Dagrún akamjibu. "Jiwe bado."

Basi akamfundisha yote anayoyajua. Siku ya tatu wakagundua wanakaa mitaa miwili tu mbali. Krismasi ile Dagrún alikula nyama ya kondoo ya moshi mezani kwa Gunnvör, akamaliza sahani mbili, na tangu hapo akawa anamwita Sigfús Mlezi. Jina likashika. Wenzao walioona tukio wakasimulia kwamba yule mzee humvunja mgeni makusudi, ampime moyo, halafu ndiyo amlee. Sigfús alikana, wakasema ni unyenyekevu. Baada ya mwaka ikawa desturi: mgeni akivuka Lango, atavunjwa chombo chake cha kwanza, na aliyemvunja siku hiyohiyo atamletea chombo kipya, atamtembeza, atakuwa mtu wake. Haikuandikwa popote. Haikuhitaji kuandikwa.

Ah, siku zile! Sigfús akizikumbuka, hata kahawa huipoza mkononi. Alilea kinyozi mmoja wa Japani aliyekuwa akimwamsha kwa mashairi mafupi asubuhi. Alilea mwalimu wa Visiwa vya Faroe na mkewe, na baadaye mtoto wao. Mwaka aliopasuliwa moyo, waliolelewa naye, na waliolelewa na hao, walipanga vyombo vyao mstari mmoja nje ya Lango na kuwasha taa zote. Siku ile Gunnvör aliingia chumba cha kufulia kwa hiari yake, akasimama nyuma ya kiti, akatazama zile taa zinavyokwenda mpaka mwisho wa kioo.

"Wote hawa ni watu?" akauliza.

"Wote."

Alimletea kahawa na maandazi manne ya kleina, ingawa daktari alikuwa amekataza mafuta.

Lakini mambo ya raha hayana haja ya kuhadithiwa kwa kirefu. Mwaka huu, Jumamosi moja ya Februari, Eydís aliingia kwenye chungu, ndivyo tunavyoliita beseni la maji moto lililoko nje pale bwawani, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kustarehe. Theluji ilikuwa ikiwaangukia vichwani. Ndani ya chungu walikuwemo watatu wa baraza la wachezaji, ambao kila Jumamosi asubuhi hukaa humo wakibishana mpaka vidole viwe vimekunjamana: Sigfús, Dagrún, na Ketill, daktari wa meno.

"Nitasema mara moja," Eydís alisema. "Wageni wanakuja. Hawakai. Wakiingia kumi, kesho yake anarudi mmoja, na huyo naye anarudi kuuliza namna ya kufuta jina lake. Ninyi wa zamani mnazeeka, mnanisamehe. Ikiendelea hivi, mwezi wa tano nazima mitambo."

"Unazima kabisa?" Dagrún akauliza.

"Kabisa, dada. Mimi na kaka yangu hatuwezi kuubeba tena."

Ketill alikuwa na jawabu lake tayari, na alikuwa nalo tangu mwaka juzi. Alitaka iwekwe kinga: mgeni asiweze kuvunjwa na mtu yeyote mpaka azoee. Baraza lina watu saba. Wanne wa mbali walishagawanyika, wawili wanataka kinga, wawili hawataki. Eydís akasema uamuzi utatoka humu chunguni, baada ya Jumamosi mbili, na atakaloamua baraza ndilo atakalolifanya.

"Kinga!" Sigfús alisema, na akalitamka kama mtu aliyeng'ata kipande cha sabuni. "Utamfunga mgeni blanketi, apite peke yake, asimjue mtu. Mimi nisingevunja chombo cha Dagrún, leo angekuwa nani kwangu? Mwanamke anayepita na gari la theluji, basi."

"Sema, Mlezi!" Dagrún alipiga maji kwa kiganja.

"Ninyi mnavunja watu mnaita malezi," Ketill alisema.

"Na wewe unang'oa watu meno unaita nini?"

"Mimi nachoma sindano kwanza, Dagrún. Ndiyo tofauti." Kisha akamgeukia Sigfús bila utani. "Mzee wangu, wewe huko juu hata mawe yanakupisha njia. Mara ya mwisho ulikuwa mgeni lini? Utajuaje mgeni anaonaje?"

Sigfús alitoka majini. Alirudi nyumbani amekasirika, akala supu amekasirika, akaikasirikia hata paka. Kilichomuuma ni kwamba swali lilikuwa la haki. Mwisho akamwambia Gunnvör kwamba atamwonyesha yule mng'oa meno. Ataingia upya, kwa jina jipya, bila kumwambia mtu. Atavunjwa kama kawaida, atalelewa kama kawaida, na Jumamosi ya kura atasimama chunguni aeleze alivyolelewa na nani. Ketill atazama mwenyewe bila kusukumwa. Na mchezo utaokolewa vipi? Hilo alilisogeza kando kidogo. Moyoni aliamini kabisa kwamba wageni wanaondoka kwa sababu nyingine, uvivu wa siku hizi labda, lakini si kwa sababu ya desturi yake. Isingewezekana iwe desturi yake.

Akajiita Lóa, jina la yule ndege mdogo anayekuja na majira ya kuchipua. Mchana wa Jumanne alitoka kituoni na kile chombo cha kopo la samaki, roho ikimdunda kama mwanafunzi. Alivuka Lango. Hakuwa amefika mbali, chombo kikatikisika, kikapasuka vipande, na kwenye kioo likatokea jina la aliyemvunja.

"Gunnvör!" aliita. "Nimevunjwa!"

"Na nani?"

"Na Dagrún! Ni Dagrún mwenyewe!"

"Na unafurahi?"

Alifurahi, tena sana. Kati ya watu wote, amevunjwa na wa kwake! Atakuja sasa hivi na chombo, hamjui kuwa ni yeye, na yeye atajifanya hajui kitu, aulize maswali ya kijinga. Atamwona Dagrún akilea kwa namna aliyomfundisha yeye. Mzazi gani hupata bahati hiyo? Aliketi kwenye ukumbi wa kituo cha wageni, mahali anapotupwa kila aliyepoteza chombo, akaweka mikono magotini na kusubiri.

Alisubiri mpaka chakula. Akala mbiombio, akarudi. Jina la Dagrún lilikuwa limewaka, yuko ndani ya mchezo, lakini haji. Sigfús akajiambia kuna theluji nyingi barabarani, labda anacheza kidogokidogo ndani ya gari wakati wa mapumziko. Jumatano vilevile. Alhamisi upepo ulikoma, barabara zikawa nyeupe na tulivu, na Dagrún alikuwa ndani tangu mchana, tena akiandika. Aliandika kwenye ubao wa wachezaji andiko refu la kupinga kinga, zuri mno, la kumtoa mtu machozi. Alisema aliyekuvunja ndiye ndugu yako wa kwanza huko angani. Alisema yeye mwenyewe bila kuvunjwa angekuwa mpweke. Watu kwa mamia waliliunga mkono. Sigfús alilisoma lote akiwa amekaa pale ukumbini, hana chombo, anamngoja mwandishi.

Kulikuwa na jambo jingine. Tangu ahame ukumbi ule enzi za mwanzo, hakuwahi kurudi kuukalia. Sasa aliuona. Majina yalitokea mlangoni, yakatoka kwenda Langoni, na muda si muda yakarudi yametupwa sakafuni. Mmoja aliandika, "Nimekosa nini?" Mwingine aliandika, "Kuna mtu?" Wakangoja kidogo. Halafu majina yakazimika, moja baada ya jingine, na hayakuwaka tena. Sigfús aliwajibu wawili watatu, lakini Lóa hana chombo, hana kitu, angewapa nini? Alijiona kama mtu aliyepewa habari ya msiba na bado hajawaambia wengine.

Ijumaa, jina moja lilimsogelea. Lilikuwa Kaczka, neno la Kipolandi, maana yake bata.

"Wewe mbona husogei? Umekufa?"

"Nimevunjwa," Sigfús aliandika.

"Hata mimi. Mara tatu. Unangoja nini hapo?"

"Namngoja aliyenivunja aje."

"Aje afanye nini? Akuvunje tena?"

Sigfús alitazama maneno yale.

"Sikia," Kaczka akaandika. "Nimeokota vyuma vyangu, nimeunga vyombo viwili. Kimoja kibovu. Chukua hicho kibovu."

"Kwa nini unanipa?"

"Kwa sababu kile kizima ni changu. Twende, bwana, unanichosha ukikaa hivyo kama mzigo."

Basi Mlezi wa Lango la Barafu, aliyetengeneza nusu ya njia za anga lile, akapanda chombo kibovu kilichounganishwa na mtu wa siku tano, na akafundishwa kuruka. Alifundishwa vibaya, ee Mungu wangu. Kaczka alimwambia madini bora yako upande wa kushoto kila mara. Alimwambia taa nyekundu ikiwaka, abonyeze kila kitu. Taa nyekundu iliwaka, Sigfús akabonyeza kila kitu, wakazunguka papo hapo kama mbwa anayefukuza mkia, na Kaczka akamsifu: "Umeona? Unajifunza upesi kwa mtu mzito." Sigfús alicheka peke yake mpaka Gunnvör akachungulia.

Waliruka nyumanyuma ya mawe, wakijificha wasionekane. Wakati wakichimba, Kaczka alimweleza kwamba anakata samaki kwenye kiwanda fulani huko kwenye ghuba nyembamba za magharibi. Mikono inamuuma, zamu yake na za wenzake hazilingani, na chumba chake kinatazama ukuta. "Hapa ndani angalau kuna nafasi," aliandika. Kisha akaongeza: "Lakini nikivunjwa mara moja zaidi, natoka. Sina hasira. Ninayo kazi ya kunichosha tayari, sihitaji ya pili."

Jioni ile Sigfús alikaa mezani. Gunnvör alimtazama akisukuma viazi huku na huku.

"Hajaja?" akamuuliza.

"Nani?"

"Mwanao wa theluji."

"Hajaja."

"Labda amesahau, Sigfús. Watu husahau."

"Ndilo hilo linaloniuma," alisema. "Angenichukia ningeelewa."

Wiki nzima iliyofuata alikuwa Lóa. Hakuingia hata mara moja kwa jina lake kubwa, na watu ubaoni wakaanza kuulizana kama mzee ni mgonjwa. Dagrún alimpigia simu kabisa kumjulia hali. Sigfús alimjibu hajambo, akangoja kidogo kwenye simu, pengine atataja kwamba kuna mgeni fulani anapaswa kumpelekea chombo. Dagrún alizungumzia kura.

Jumamosi ikafika. Ilikuwa baridi ya kukausha nywele, mvuke umetanda chunguni hata nyuso hazionekani vizuri, na Eydís amekaa kwenye ngazi, maji magotini, anasubiri.

"Kinga, ndiyo," Ketill alisema, akainua mkono unaotoa moshi.

"Hapana," Dagrún alisema. "Na nitasema kwa nini, kwa mara ya mwisho. Tukiwafunga wageni kinga, tunaua kitu pekee tulicho nacho. Nani hapa aliwahi kuvunjwa akaachwa? Nitajieni mmoja."

Sigfús alijifuta uso. "Dagrún, mara ya mwisho ulimvunja nani?"

"Mimi?" alicheka. "Nani anakumbuka, Mlezi? Kuna kamoja wiki iliyopita, kana jina la ndege. Nilikuwa nimeegesha gari pale kwa mchuuzi wa soseji, kakapita mbele yangu."

"Ukakapelekea chombo?"

Kicheko kilimwishia nusu njia. "Nilitaka. Halafu nikaanza kuandika lile andiko, unajua lilivyonichukua siku nyingi. Nikasema wengine wapo, mtu atakachukua."

"Na wengine nao husema hivyohivyo," Sigfús alisema. Hakuinua sauti. "Nimekaa ukumbini siku nne, mwanangu. Kila mtu anadhani mwenzake atakwenda. Kuvunja bado tunavunja vizuri, hilo hatujasahau."

Dagrún alimtazama kupitia mvuke. "Umekaa ukumbini kwa nini?"

Sigfús alimgeukia Eydís, na mkono wake mkubwa wenye makovu ukatoka majini. "Weka kinga," akasema.

Hakuna aliyepiga maji wala kushangilia. Ketill, ambaye alikuwa ameshinda, alikohoa tu akatazama pembeni, na kwa hilo nampa heshima. Eydís aliwashukuru, akaenda zake kuvaa. Sigfús alibaki ameketi, na alijisikia mzee kuliko alivyojisikia siku waliyomfungua kifua. Alikuwa amenyoosha mkono juu ya kitu kilichokuwa chake, akakizima yeye mwenyewe. Yule kinyozi, yule mwalimu, ile Krismasi ya nyama ya moshi, vyote vilipitia mlango ule, na sasa hakuna atakayepita tena kwa njia hiyo.

Dagrún alimkuta nje, karibu na gari lake la theluji, nywele zimeganda kama waya.

"Mlezi. Yule ndege ni wewe?"

"Ni mimi."

Alifunika mdomo kwa mkono wenye glavu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anayefungua barabara za mji mzima kabla watu hawajaamka, na akalia pale kwenye maegesho mbele ya watu waliobeba mataulo. "Nilikuacha," alisema. "Wewe! Nilikuacha sakafuni."

"Ungeniacha mimi tu, nisingenyanyua mkono. Waliachwa wengi, Dagrún. Nilikaa nao."

"Nakuja sasa hivi. Nakuletea chombo changu kile kikubwa, nakuletea chochote. Uko wapi sasa, bado ukumbini?"

"Hapana," Sigfús alisema, akamfuta shavu kwa pindo la taulo lake kama alivyozoea tangu zamani. "Nimeshapewa."

Kinga iliwekwa Jumatatu. Ubao ulichafuka: wa zamani wengine waliaga kwa maneno makali, wawili wakarudi kabla ya Jumatano kusoma walivyojibiwa. Dagrún alianza kwenda Langoni kila mchana, anaegesha gari kwa mchuuzi wa soseji na kukaa kuwangoja wageni wakipita. Tatizo, alimwambia Gunnvör, hajui aanzeje mazungumzo na mtu ambaye hajamvunja. Gunnvör akamshauri ajaribu kusema habari za asubuhi.

Sigfús yeye alirudi kwenye chombo chake kibovu. Angeweza kuingia kwa jina lake, amchukue Kaczka na kumpitisha anga zima kwa siku moja. Alishalifikiria. Mara mbili aliweka kidole pale pa kubadilisha jina, mara mbili akakiondoa.

"Lóa!" Kaczka aliandika mara tu alipomwona. "Umesikia? Hatuvunjwi tena! Sasa hatujifichi nyuma ya mawe. Leo tunakwenda mbali, nimetafuta njia mwenyewe."

"Unaijua vizuri?"

"Naijua. Kaa nyuma yangu, usinipite, na ukiogopa niambie."

Ile haikuwa njia. Ilikuwa inarudi nyuma kuzunguka mawingu ya vumbi, na ingewachukua mara tatu ya muda. Njia ya kweli ilikuwa upande wa kulia, na taa zake alizifunga Sigfús majira yale ya kwanza, moja moja, kabla hajawa na mtu wa kumwonyesha. Alizitazama zikipita kando, zikawa ndogo, zikapotea. Machozi yalimtoka na hakuyazuia, na wakati huohuo alikuwa anatabasamu, maana kila baada ya muda mfupi Kaczka alipunguza mwendo na kugeuka kuona kama bado yupo.

"Nani huyo anayekuliza na kukuchekesha?" Gunnvör aliuliza. Alikuwa ameingia na ufagio.

Sigfús akamjibu kwamba ni mlezi wake, akainua miguu ili apate kufagia chini ya kiti.